Bibi Amekuja Kumwosha Popi

Usiku ule nililala na harufu ya mbwa puani, ingawa jioni yake nilikuwa nimemwogesha mwenyewe kwa shampuu nzuri, nikamsuuza, nikamkausha kwa draya mpaka manyoya yakasimama. Haikuwa harufu ya mbwa mchafu. Ilikuwa inatoka chini zaidi, tamu kidogo, kama nyama iliyosahaulika jikoni, na kila nilipomnyunyizia marashi ilijificha kwa muda kisha ikarudi. Nilijigeuza kitandani mara upande huu, mara upande ule, nikajifunika shuka usoni, na harufu ikaingia nayo ndani ya shuka.

Niseme kwanza huyo mbwa ni nani, maana najua watu wa kwetu mkisikia msusi anayeitwa Mwanaidi anaogesha mbwa mtaanza kuguna. Popi aliletwa nyumbani na mume wangu, Baba Nasra, kwa ajili ya ulinzi. Aliyemuuza aliapa kwamba baba yake Popi anafukuza pikipiki hadi zinaanguka. Tukasubiri akue. Hakukua kwenda juu, alikua manyoya tu, meupe, marefu, yakafunika hadi macho, na mgeni akibisha hodi yeye ndiye wa kwanza kwenda kujificha. Baba Nasra alinuna. Mwanangu Nasra alifurahi kupita kiasi. Na mimi, ambaye nina saluni uani kwangu hapa Morogoro na siwezi kuona nywele zimesokotana nikazipita hivihivi, nikajikuta kila Alhamisi nafunga kazi mapema ili nimhudumie.

Nilimhudumia kwa masharti yangu. Sisi mbwa akiwa majimaji ukamgusa, unaosha mkono mara saba, na mojawapo kwa udongo. Nililelewa hivyo na bibi yangu na sikuwa na nia ya kubadilika kwa ajili ya Popi. Basi nilivaa glavu, zile nene ninazovaa nikipaka wateja dawa ya nywele, zinazofika karibu na kiwiko. Chanuo lake mbali, taulo lake mbali, beseni lake nimelifunga utepe mwekundu lisije likachanganyika na la wateja, maana siku hiyo ningepoteza wateja wa mtaa mzima. Kwa glavu hizo nilimwogesha, nikamchana, nikamkata kucha, nikampaka mafuta ya nazi kwenye pua. Nasra alikaa kwenye kigoda akitoa maagizo. "Mama, na masikio. Mama, na hapo nyuma." Niseme ukweli, nilimpenda Popi kuliko wateja wangu wengine. Hakuwahi kuniambia namvuta.

Lakini baada ya Idi Popi alianza kubadilika. Chakula anakinusa anakiacha. Akinywa maji anameza kwa taabu. Ukimkaribia anarudi nyuma, anaingia bandani kwake, anakutazama kutoka gizani. Halafu ikaja hiyo harufu. Mimi nikafanya ninachokijua, nikaongeza shampuu, nikaongeza marashi, nikamchana taratibu zaidi juu juu nisimuumize.

Jioni ile Baba Nasra aliweka kijiko chini katikati ya chakula. "Yule mbwa ana ugonjwa," alisema. "Kesho nikitoka kazini naita mtu aje amchukue akammalize huko mbali. Sitaki amwambukize mtoto." Nasra alisukuma sahani yake. Alienda kulala bila kuaga, akalia ameuelekea ukuta mpaka mwili ukapata joto, na nilipomshika paji la uso nikaingiwa na wasiwasi. Nikajiuliza, je, kama ni kweli? Je, kama ameshaambukizwa? Nikalala na mawazo mawili, mbwa na mtoto, yamechanganyikana.

Na ndotoni ni mchana.

Niko saluni. Jua limejaa mlangoni, redio inaongea chinichini, na mteja mmoja amekaa chini ya draya kubwa, ile ya kofia, mikono ameiweka mapajani. Draya inaunguruma. Nakumbuka kwamba nimemsahau, kwamba amekaa pale tangu zamani sana, na naona aibu. "Mama, samahani," namwambia, "nadhani umeshakauka." Nazima draya, nainua ile kofia, na aliyekaa chini yake ni Bibi Tatu, mama yake mama yangu, ambaye alifariki zamani nikiwa bado najifunza kusuka.

Amevaa kanga zake mbili, moja kiunoni, moja mabegani. Nywele zake nyeupe zinadondosha maji. Draya haikukausha hata unywele mmoja. Maji yanateremka shingoni, yanaingia kifuani, yanadondoka sakafuni, na sakafu yote imelowa na sikuwa nimeona.

"Shikamoo, bibi," nasema.

Nilisubiri marahaba yake, ile aliyokuwa akiivuta mpaka unacheka, na haikuja. Hapo ndipo hofu ilipoanza.

"Maji yameshachemka?" akaniuliza.

Lazima mjue bibi alikuwa nani. Bibi Tatu alikuwa muosha maiti. Mwanamke akifariki kwenye mtaa wetu wa zamani kule Korogwe, kabla ndugu wa mbali hawajapata habari, mtoto wa mtu alikuwa ameshatumwa mbio kwa Bibi Tatu. Alikwenda na kanga zake bila kuuliza chochote, akarudi jua limepungua, akaoga, akakaa kimya. Sisi wajukuu tulijua siku hiyo hatumwombi sukari. Na swali lile la maji aliliuliza mahali pamoja tu, akishafika kwenye nyumba ya msiba, akishavua viatu mlangoni.

Nataka kumuuliza ni nani aliyefariki. Lakini kinywa kinatoa kingine. Ninachojisikia nikikisema ni, "Yameshachemka, bibi," na kweli nina ndoo mkononi, na inafuka mvuke.

Anatangulia. Tunatoka kwa mlango wa nyuma wa saluni, ambao siku zote unaingia kwenye kamba ya kuanikia taulo, lakini sasa unaingia kwenye uwanja wa bibi kule Korogwe, umefagiliwa, alama za ufagio bado mpya kwenye mchanga. Kitanda cha kamba kimewekwa katikati. Chini yake umechimbwa ufuo, lile shimo refu la kupokea maji ya maiti. Juu ya kitanda kuna shuka nyeupe, na chini ya shuka kuna kitu kidogo.

Ukutani wamekaa wanawake wa mtaa, wengi, wamejifunika kanga kichwani na kutupa migongo. Mmoja wao anatwanga. Nasikia mchi unavyopiga kinu pole pole, tuk, tuk, na sihitaji kuambiwa kilichomo. Ni karafuu maiti. Hiyo huingia kwenye maji ya mwisho kabisa, na baada ya maji hayo hakuna kazi tena ila sanda.

"Bibi, ni nani?" nauliza.

"Mwaga," anasema.

Namwaga. Nina kata mkononi, na kwenye mikono yangu yote miwili nimevaa glavu. Bibi hana glavu. Anapitisha mikono yake mitupu chini ya shuka bila kuifunua, kama alivyokuwa akifanya daima, kwa kuwa aliyelala pale anasitiriwa kuliko aliye hai. Anaanza upande wa kulia. Anasugua pole pole, anasikiliza kwa vidole, anasogea. Mimi namwaga, maji yanapita, yanashuka kwenye ufuo, na ile harufu tamu inapanda kutoka humo mpaka nageuza uso.

Kisha mguu ukateleza nje ya shuka. Mweupe, wa manyoya, na kucha nilizozikata mwenyewe.

Jamani, niliogopa. Niliogopa kumwona Popi kalala pale, nikaogopa zaidi kuona ni nani anayemshika. Huyu ni Bibi Tatu, ambaye mbwa akikatiza uwanjani kwake alitoka na ndoo akamwagia maji kila alipokanyaga. Na sasa ameuchukua mguu wa Popi kwenye kiganja chake anaufuta katikati ya vidole, kimoja kimoja, kwa upole, kama mkono wa bibi mwenziwe.

"Bibi," nasema, "bibi, huyo ni mbwa."

Hakuinua uso. "Mimi najua nilichokishika," akasema. "Wewe unajua?"

Nakumbuka tu kwamba nilimwaga maji tena kwa sababu nilishindwa kusimama bure, na maji yalipopita juu ya shuka, shuka ikawa ndefu. Kilichokuwa chini yake kilikuwa kinarefuka pamoja nayo. Nikautazama ule mguu kwenye kiganja cha bibi na haukuwa mguu tena. Ulikuwa mkono wa mtoto. Kwenye vidole kulikuwa na hina, maua madogo niliyoyachora mwenyewe asubuhi ya Idi, ambayo yalikwisha kufutika zamani, na sasa yako palepale, mekundu, mabichi.

Napiga kelele. Lakini uwanjani hakuna sauti ila mchi. Naona kwenye ncha ya shuka nywele zimetokeza, zimesukwa twende kilioni, mistari sita imenyooka kwenda kisogoni, na hakuna msusi katika mji huu asiyejua kazi ya mkono wake. Nilizisuka juzi. Nilimsuka Nasra akiwa amekaa katikati ya magoti yangu anakula karanga.

Nanyoosha mkono nifunue uso. Bibi anauzuia.

"Bado," anasema.

Anaendelea kusugua, mikono inapanda, tumbo, kifua, bega. Halafu ikasimama. Wanawake wote kule ukutani wakaacha kunong'ona, ndipo nikajua kwamba walikuwa wakinong'ona.

"Kuna fundo limebaki," bibi akasema.

Hii ilikuwa sheria yake na mtaa mzima uliijua. Kabla ya maji ya mwanzo, kila kilichofungwa mwilini kinafunguliwa: pete inavuliwa, shanga zinakatwa, hirizi inaondolewa, nywele zinafumuliwa hadi unywele wa mwisho. Hakumwachia mtu aende amefungwa. Aliwahi kuwarudisha wanaume na jeneza likiwa limeshatoka mlangoni, kelele zote hizo, mashehe wanalalamika, kwa sababu alikumbuka uzi mmoja kwenye kidole cha mguu cha marehemu. Wakarudi. Wakangoja nje mpaka akautoa.

"Liko wapi, bibi?"

"Wewe ndiye msusi. Tafuta."

Basi naanza kufumua. Nafumua mstari wa kwanza, naufikia mwisho, na mwisho wake unaingia kwenye mstari mwingine. Nafumua huo nao. Nywele zinaongezeka. Zinajaa mapajani, zinateremka miguuni, zinaanza kuwa nyeupe, zinaanza kuwa manyoya, kisha ni nywele tena. Sipati kitu. Kwa glavu zile, nywele na maji na ngozi vyote ni kitu kimoja. Mimi ambaye mteja akikaa kwenye kiti changu namwambia kichwa chake kina kidonda wapi kabla yeye hajaniambia, mimi ambaye kazi yangu yote ni vidole, napapasa mwili wa mwanangu na sihisi chochote.

"Si huko," anasema bibi.

Nahamia kwingine.

"Si huko."

Nataka kuvua glavu. Zimegoma. Nazivuta kwenye kiwiko na ngozi inavutika pamoja nazo, inauma, nazivuta tena, na mchi umenyamaza. Karafuu maiti imekwisha kutwangwa. Naisikia harufu yake inakuja uwanjani, baridi, inaifunika ile nyingine, na mwanamke aliyekuwa akitwanga anainuka na bakuli. Anatembea kinyumenyume. Bado ametupa mgongo, anakuja kwetu kinyumenyume, kanga inaburuta mchangani inafuta alama za ufagio.

Kule mlangoni yupo Baba Nasra. Amevaa kanzu yake ya Ijumaa. Hatazami ndani, wanaume hawatazami, ameegemea fremu na kusema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mama Nasra, watu wanangoja."

"Bado hajafunguliwa!" namwambia, lakini hasikii.

"Fanya haraka, Mwanaidi," bibi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu. "Nikishapokea bakuli simrudishi mtu."

Nikaishika glavu kwa meno. Nikauma, nikavuta kichwa nyuma kwa nguvu zangu zote, nikasikia ladha ya dawa ya nywele na ya damu, na ikatoka. Nikautazama mkono wangu. Haukuwa wangu. Ulikuwa mkono wa bibi, wenye mishipa, umekunjamana na kuwa mweupe kwa kukaa majini, na ulikuwa unajua pa kwenda. Ulishuka wenyewe kwenye nywele. Uliingia. Ulikuwa karibu kabisa kugusa, nilihisi joto la kitu kilicho hai chini ya ncha za vidole, pale bibi aliponikamata kifundo cha mkono.

Vidole vyake ni vya baridi, na maji yanatiririka. Anausogeza mdomo wake sikioni kwangu. Nasikia harufu ya udi wake wa zamani.

"Huyu bado si wangu," akasema. "Mfungue."

Nikaamka.

Adhana ya alfajiri ilikuwa inaanza msikiti wa chini, na shuka yangu ilikuwa imelowa jasho. Baba Nasra alikuwa anajinyoosha kando yangu. Sikumwambia kitu. Nilikimbia chumbani kwa mtoto nikiwa na gauni la kulalia, nikawasha taa, nikamvuta Nasra akakaa, nikaanza kumvua vitu. Nilivua bangili. Nilitoa herini. Nilifungua utepe wa gauni lake shingoni, nikaingiza vidole kwenye nywele nikaanza kufumua ile twende kilioni, kwa pupa, namvuta.

"Mama, unaniumiza!"

"Mwanaidi, kuna nini?" Baba Nasra alikuwa mlangoni, na kumwona pale mlangoni kulinifanya nipige ukelele wa kweli.

"Amefungwa," nikamwambia.

"Nani?"

"Sijui. Bibi amesema amefungwa."

Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mkewe akifikiria amwite shehe au daktari. Nasra alikuwa amekasirika, macho yamevimba kwa kulia, lakini paji lake la uso lilikuwa limepoa. Nilimpapasa mwili mzima, mikono, kiuno, miguu hadi nyayo. Hakuwa na kitu. Nikamshika mashavu.

"Nasra mwanangu, sema kweli, sitakupiga. Umejifunga kitu chochote mwilini? Uzi, mpira, chochote?"

"Mimi sijajifunga," akasema. Halafu akatazama chini. "Popi ndiye nilimvalisha."

"Ulimvalisha nini?"

"Cheni. Siku ya Idi. Nilitengeneza kwa mipira yako ya nywele, ile midogo. Mimi nilikuwa na cheni na yeye hana."

"Uliivua?"

"Ilipotea. Niliitafuta shingoni sikuiona tena. Nikajua imekatika."

Sikumbuki nilivyofika uani. Nakumbuka saruji baridi chini ya miguu, na Baba Nasra nyuma yangu na tochi ya simu. Popi alikuwa amelala kwenye kizingiti cha banda lake, kichwa kimenyooshwa mbele, anapumua kwa mluzi. Glavu zangu zilikuwa zimetundikwa kwenye msumari pale bombani. Mkono ulizifuata kwa mazoea, ukazifikia, na nikaziacha.

Nikapiga magoti nikaingiza vidole vyangu vitupu kwenye manyoya ya shingo yake. Tangu aje kwetu sikuwahi kumgusa bila glavu. Manyoya yalikuwa laini, nilikuwa nimeyafanya laini mwenyewe, na yananukia marashi. Nilipita juu, nikapita chini, na chini ya taya, mahali chanuo langu lilipokuwa likiteleza kila Alhamisi, vidole vikazama. Palikuwa na mfereji. Ulizunguka shingo nzima. Ulikuwa umelowa, na ndani yake kabisa, katikati ya nyama, nikagusa kitu chembamba kilichokazwa.

Popi alilia. Hakuniuma. Angeniuma ningemsamehe.

"Leta mkasi wangu," nikasema. "Ule mdogo wa kukatia uzi. Na ushike tochi, usitikisike."

Baba Nasra alileta. Alipoona kile nilichokifunua kwa kutenganisha manyoya alisema "Subhanallah" na kugeuza uso, kisha akaurudisha. Nilitelezesha ncha butu ya mkasi chini ya mpira. Haikutaka kuingia. Nikamwongelesha Popi jinsi ninavyowaongelesha watoto wanaosukwa mara ya kwanza, tulia baba, tulia kidogo, tunamaliza, hapa ndiyo mwisho. Vidole vilikuwa vinajua pa kwenda. Nilisikia mpira wa kwanza ukikatika, tak, kisha wa pili, na nikauvuta ule mnyororo wote kutoka shingoni, mdogo, mweusi kwa damu, wa rangi ambazo huwezi tena kuzitambua.

Popi akavuta pumzi. Ilikuwa ndefu, iliingia mpaka mbavu zikatanuka, na mluzi haukuwapo ndani yake. Mimi nikalia. Nililia kwa sababu ya shampuu yote ile na marashi yote yale, na kwa sababu ya vidole vyenye hina nilivyoviona, na kwa sababu nilikuwa bado naogopa kugeuka nyuma nisije nikamkuta amesimama pale na kanga zake.

Nasra alikuwa mlangoni, nywele nusu zimesukwa nusu zimesimama. "Mama, atakufa?"

"Bibi amesema bado."

"Bibi gani?"

"Utamjua siku nyingine. Lete maji ya chumvi ya uvuguvugu, na kitambaa kisafi."

Kulianza kupambazuka. Niliosha kidonda polepole, na kila nilipotaka kuondoa mkono Popi alikaza kidevu chake kwenye kiganja changu, kizito, cha joto, hataki niondoke. Nikabaki nimeinama hivyo. Damu na maji vilikuwa vimefika kiwikoni. Baba Nasra alienda na kurudi. Aliweka kando yangu ndoo ya maji na kopo la udongo alilolichota nyuma ya mgomba.

"Nenda kaoshe mikono, usikose sala," akasema. "Kukipambazuka vizuri namfuata bwana mifugo nyumbani kwake, kabla hajatoka kwenda mashambani."

"Siwezi kumwachia. Nikimwachia kichwa kinaanguka."

"Nenda," akasema. "Nimemshika."

Nilibeba ndoo na kopo mpaka bombani. Niliosha, nikapaka udongo, nikaosha tena hadi hesabu ikatimia, na ndipo nikapata ujasiri wa kugeuka. Uani hakukuwa na mtu mwingine. Alikuwapo Baba Nasra tu, amepiga goti kwenye matope, mkono wake mtupu chini ya kidevu cha Popi, akimuuliza kwa sauti ndogo kama bado panamuuma sana.